Kichwa cha Kibua Kwenye Bembea

Wanaotafuta stori ya mapenzi wapite zao. Hapa kuna paka wawili, samaki mmoja na mimi.

Samaki mwenyewe hakuwa mzima. Kilikuwa kichwa tu, kichwa cha kibua, na kilikutwa asubuhi ya sikukuu kimelala kwenye bembea ya mungu.

Ndiyo, umesoma vizuri.

Nyumba yenyewe ni ya Wahindi wasiokula nyama, samaki wala yai. Miaka arobaini na tatu mfupa haujavuka kizingiti kile, na mwenye nyumba alikuwa akilitangaza hilo kama watu wengine wanavyotangaza kwamba mtoto wao ni daktari.

Halafu leo kichwa cha kibua, mdomo wazi, juu ya mto mdogo wa mahameli, na kinamama wanane wa jengo zima wamesimama wanakitazama.

Wakamaliza kukitazama, wakageuka kunitazama mimi.

Naitwa Paskalina. Mtu wa Nyangao, Lindi. Nimefanya kazi za ndani Dar miaka tisa, na sita kati ya hiyo ni kwa Mama Indumati, ghorofa ya tatu, Kariakoo. Mtaa siutaji. Wanaonijua watajua tu.

Kila asubuhi ya Mungu, kabla sijagusa sufuria, nilikuwa nanawa kwa ndimu, nanyoosha mikono, na Mama Indumati ananusa.

Ananusa kweli, pua inagusa vidole. Akiridhika anasema "haya." Asiporidhika ananirudisha bombani.

Dada aliyenitangulia alifukuzwa kwa dagaa. Hakuwaleta ndani, alikula kwa shangazi yake Buguruni akarudi na harufu.

Kwa hiyo miaka sita mtu wa Lindi sijaonja samaki. Wenzangu walikuwa wananicheka, wananiambia na mimi nimeshakuwa Mhindi, bado sari tu.

Utauliza nilivumilia kwa ajili ya nini. Kwa ajili ya chumba.

Juu ya paa la jengo lile kuna kachumba, na Mama Indumati aliniruhusu niishi humo na mwanangu Eusebia. Eusebia yuko darasa la saba, shule iko Gerezani, anatembea kwa miguu dakika kumi na tano. Mtihani wa taifa Septemba. Walimu walikuwa wanasema huyu mtoto atafaulu, asisumbuliwe tu.

Na mtaa ule kazi hupati kwa barua. Unapata kwa mdomo wa mama mmoja kwenda kwa mama mwingine. Ukifukuzwa na Mama Indumati, hakuna mlango utakaofunguliwa kuanzia pale mpaka Kisutu.

Hicho ndicho nilichokuwa nakilinda kwa ndimu kila asubuhi. Sasa tuje kwenye paka.

Chini ya jengo kuna stoo za vitambaa na viatu, na panya wa Kariakoo hawana haya. Walianza na mchele, wakaja kwenye sabuni, mwishowe wakaingia chumba cha sala.

Mama Indumati huwasha taa ya utambi wa samli mbele ya sanamu zake. Panya wanapenda samli. Siku moja panya akabeba utambi ukiwa unawaka, akakimbia nao nyuma ya pazia. Tulimwaga ndoo mbili za maji.

Nikasema tuweke sumu. Mama Indumati akanikata jicho.

"Panya ni kipando cha mungu wetu Ganesh. Nyumba hii hatuui panya."

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Tutaleta paka."

"Na paka akiwaua?"

"Hiyo ni kati yake na panya."

Sikubisha. Sikuajiriwa kubishana na dini za watu.

Ikabaki kuchagua paka wa aina gani, na hapo ndipo nyumba ilipowaka bila utambi.

Mama Indumati ana mtoto mmoja, Kishor, mwenye duka la pampu za maji Gerezani. Kishor ana mke, Tanvi, anafanya kazi ofisini huko Posta. Tanvi humwita mama mkwe wake Ba, ndivyo wanavyomwita mama kwa Kigujarati, na anavyolitamka ungedhani ana kidonge kichungu mdomoni.

Tanvi alitaka paka wa Kiajemi. Wale wa manyoya marefu na pua iliyobonyea, ambao mtandaoni wanapigwa picha wamelala kwenye mito.

"Wapole, hawaparui, hawapigi kelele," akasema.

"Nywele," akajibu Mama Indumati. "Nywele kwenye dengu, nywele kwenye chapati, nywele kwenye sadaka ya mungu. Joto lote hili la Dar, mnamleta mnyama aliyevaa koti."

Yeye alitaka wa Kisiami. Manyoya mafupi, mwili mwembamba, macho ya bluu, uso mweusi kama kaangukia masizi. Paka mjanja, anafungua kabati, na mdomo haupumziki. Sauti yake ni ile ile ya mtoto mchanga anayelia.

"Ba, huyo atatupigia kelele usiku na mchana."

"Acha alie," akasema Mama Indumati. "Nyumba hii miaka sita haijasikia mtoto akilia."

Tanvi ameolewa miaka sita. Hana mtoto.

Walikuwa wanaongea Kigujarati, wakidhani mimi kabati. Lakini miaka sita si haba, matusi yao yote nayajua. Lile halikuwa tusi, lilikuwa baya zaidi. Nilikuwa nakunja nguo, nikalikunja shati lile lile mara tatu.

Kishor kwa kawaida akisikia wanawake wameanza hukumbuka kuna mteja anamsubiri. Siku ile Tanvi alikuwa amesimama mlangoni, hakuwa na pa kupita.

"Nyumba moja, paka mmoja," akasema. "Waje wote wawili, wakae mpaka sikukuu ya Krishna. Atakayeizoea nyumba abaki, mwingine arudi."

Akaona kaamua kesi. Wanaume wengine bwana.

Paka waliletwa na Abdulswamad, mfugaji wa Ilala, kila mmoja kwenye kikapu chake. Mama Indumati akamuuliza swali moja tu.

"Wanakula nini?"

Abdulswamad akaangaza macho. Akaona chapati, dengu, mtindi, picha za miungu ukutani. Mtu wa biashara haambiwi mara mbili.

"Chochote mnachokula nyinyi, mama. Paka wangu hawachagui."

Nikamfuata mpaka ngazini.

"Kaka, paka gani anakula dengu?"

"Njaa ikimshika atakula, dada."

"Na asipokula?"

"Nitakuja kumchukua." Akashuka zake anapiga mluzi.

Nilirudi nikakuta sheria imeshatungwa. Wali, dengu, maziwa, mtindi, jibini ya nyumbani. Basi.

"Na atakayeingiza samaki humu kwa ajili ya hawa wanyama," Mama Indumati akasema akinitazama mimi, "atatoka nao."

Nani mwenye akili zake anashindanisha paka kwa bakuli la dengu? Ni hao tu. Na mshindi akipatikana, atakayesafisha kinyesi cha mshinde ni mimi.

Mwajemi akaitwa Malai, maana yake utando mzito wa maziwa, kwa weupe wake. Msiami hakupewa jina, Mama Indumati alimwita "huyu." Mimi nikamwita Mnoko, kwa sababu kila ukigusa kitu anapiga kelele kama anakushtaki.

Malai alikula mtindi siku mbili, ya tatu tumbo likamwendesha. Manyoya yale marefu, fikiria mwenyewe. Nilikuwa namwosha, namchana, namwosha tena. Siku moja panya akapita mbele yake. Malai akamtazama mpaka akapotea nyuma ya friji, akarudi kulala.

Mnoko hakugusa chochote. Alikaa mlangoni kwa Mama Indumati akalia siku nne mfululizo.

Mama alikuwa anatoka anamwambia nyamaza, anarudi ndani. Anatoka tena. Nilimwona mara moja kakaa chini kabisa kwenye sakafu, yeye na magoti yake mabovu, anamsukumia kijiko cha wali. Paka kageuza uso.

Siku ya tano kukawa kimya. Nikajua kafa.

Hakufa. Alikuwa kwenye mapaja ya mama, anajilamba.

Kuanzia hapo Mnoko akaanza kung'aa. Manyoya yanateleza, mbavu zimejificha, anakimbia koridoni anapayuka mpaka panya wenyewe wakahama. Malai akawa anakonda, ukimwosha unakuta paka ni robo tu, kilichobaki ni nywele.

Hapo wote wawili, mama mkwe na mkwe, wakapata mtu wa kumchukia kwa pamoja.

Tanvi alinifuata jikoni, kafunga mlango.

"Paska, paka wa Ba unampa nini?"

"Dengu, dada. Sawa na wa kwako."

"Dengu haing'arishi manyoya. Kakuahidi nini?"

"Nani, dada?"

"Usinifanye mtoto. Unamlisha wake, wangu unamwacha afe. Malai akirudi kwa mwenyewe, na wewe utarudi kwenu. Nitahakikisha kwa mkono wangu."

Nilikuwa nimeshika mti wa kusukumia chapati. Niliendelea kusukuma, chapati ikatoka ndefu kama ulimi.

Upande wa pili, Mama Indumati akaongeza kuninusa na jioni.

"Kuna harufu nyumba hii."

"Hata mimi naisikia, mama."

"Sikukuuliza wewe unasikia nini. Ongeza ndimu."

Na kisufuria kidogo cha kuchemshia maziwa kikapotea. Nani kaiba? Paskalina, nani mwingine. Nikapewa wiki mbili nikitafute.

Mimi si mtu wa kununa, mimi ni mtu wa kukumbuka. Kila neno niliweka.

Ila harufu ilikuwepo kweli. Na siku moja niliikuta pabaya. Nilifungua begi la Eusebia nimsainie daftari la hisabati, daftari linanuka samaki.

Nikajua. Nje ya shule yao kuna mama anakaanga vibua, watoto wanajazana pale wakitoka.

"Umekula samaki?"

Akainama kufungua kamba za viatu.

"Unajua tukifukuzwa hapa tunalala wapi? Unataka ukafanyie mtihani kituo cha mwendokasi?"

"Sijala, mama."

Nikamzaba kibao. Sijisifii, nasimulia tu. Hakulia. Akachukua begi lake, akaenda kulifua mwenyewe kwenye bomba la paa.

Kuhusu hilo paa, kuna kitu nikwambie. Mama Indumati ana chungu cha mrihani wao mtakatifu pale juu, nyuma ya tangi la maji. Kila asubuhi na kila jioni hupanda kuumwagilia na kusali. Ngazi kumi na nane, magoti yanalia, lakini hataki kushikwa mkono, na hataki kufuatwa. Mimi wakati huo niko jikoni chini. Mnoko tu ndiye alikuwa anamfuata.

Nilikuwa nasema, angalau ana Mungu wake.

Sikukuu ikafika. Sikukuu ya kuzaliwa Krishna ni kubwa kwao. Wanaweka sanamu ndogo ya Krishna mtoto mchanga kwenye bembea iliyopambwa maua, na kila mgeni anavuta kamba kumbembeleza.

Kinamama wa jengo walikuja mapema kuliko walivyosema. Mama Indumati alikuwa juu kwenye mrihani. Nikamwita kutoka chini ya ngazi, akashuka mbio, anahema, sari imemkaa upande. Siku hiyo hata kuninusa hakuninusa.

Mgeni wa kwanza, mama wa ghorofa ya kwanza, akashika kamba. Akavuta.

Akapiga ukemi.

Mnoko alikuwa pembeni ya bembea, anajilamba mdomo. Paka akipata kitu kizuri hutafuta mahali laini pa kukilia. Pale hapakuwa na mahali laini kuliko kitanda cha mungu.

"Paskalina," Mama Indumati akasema taratibu. "Kiondoe."

Nikakishika kwa karatasi, nikakitoa.

"Miaka sita umekula chumvi ya nyumba hii," akasema, kwa Kiswahili, ili kila mtu na mimi tuelewe. "Saa kumi jioni nisikukute. Wewe na mtoto wako."

"Mama, si mimi."

"Ni nani basi? Mimi?"

Kinamama wakaguna. Mmoja akasema hawa wasichana ndivyo walivyo. Nina miaka thelathini na nane.

Tanvi alikuwa amemkumbatia Malai. "Na paka wa Ba amtangulie," akasema. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, wa mtu aliyeshinda.

Nilipanda paani. Niliwaza Septemba. Niliwaza madaftari ya Eusebia ndani ya mfuko wa rambo, tunabisha milango ya watu. Nilikuwa na hasira mpaka machozi yalikataa kutoka.

Kile kichwa bado nilikuwa nacho mkononi. Nikataka kukitupa, pua ikanizuia.

Kilikuwa kinanuka mvuje.

Mvuje unaujua. Kwetu huku mvuje ni dawa, anafungwa nao mtoto mchanga asitupiwe jicho. Sijaona Mswahili anayechemsha samaki na mvuje. Lakini kuna nyumba moja ninayoijua mimi ambayo hakuna chakula kinachoiva bila mvuje na manjano.

Nikageuka nikatazama chungu cha mrihani.

Nyuma ya tangi, chini ya gunia, kulikuwa na jiko dogo la mafuta ya taa, lina joto bado. Juu yake kisufuria changu cha maziwa, kile nilichoiba. Nikafunua. Mchuzi wa manjano, mwiba, na kiwiliwili cha kibua kisicho na kichwa.

Nilikaa pale chini dakika nzima. Halafu nikacheka. Jirani wa jengo la pili alikuwa anaanika nguo, akaniangalia akaingia ndani.

Nikanawa mikono. Kwa ndimu, vizuri, mpaka kwenye viwiko. Nikachukua kisufuria, nikakifunika, nikashuka nacho.

Wageni walikuwa sebuleni, visahani vya sadaka mikononi, hakuna anayekula.

"Mama," nikasema, "kisufuria cha maziwa nimekipata."

Nikakiweka mezani katikati ya maua.

Uso wake ulibadilika rangi. Mama wa ghorofa ya kwanza akanyoosha mkono, akafunua, akafunika haraka. Harufu ilishatoka. Mvuje na samaki, sebule nzima.

"Kilikuwa nyuma ya mrihani wako," nikasema. "Sasa mikono yangu umeinusa miaka sita. Leo tunusane wote humu ndani. Tuanze na wewe, mama."

Nikanyoosha mkono niipokee mikono yake, kama anavyoipokea yangu kila siku.

Mama Indumati akaificha mikono yake ndani ya sari.

Hakuna aliyehitaji kunusa.

Alinitazama. Mdomo ukafunguka. Kulikuwa na neno linakuja, niliona kabisa shingo ikilisukuma. Akalimeza, akafunga mdomo, akaangalia chini.

Mimi nikadhani amekosa uongo wa kutosha.

Wageni wakaanza kuweka visahani mezani, kimoja kimoja. Hakuna aliyesema kwaheri. Nilisikia kandambili zao mpaka chini.

Kisha Tanvi akaanza, na alianza kwa sauti ndogo.

"Ba. Miaka sita unaniambia tumbo langu limefungwa kwa sababu nilikula yai shuleni. Yai moja, Ba. Nilikuwa na miaka kumi na mbili."

Mama Indumati akazidi kuvuta sari juu ya mikono.

"Umeniambia mbele ya ndugu zangu. Umemwambia Kishor anaweza kupata mwingine. Kwa yai."

Akambeba Malai, akaingia chumbani, nikasikia masanduku yanashushwa.

Kishor alikuja saa saba, akasikiliza huku, akasikiliza kule, akasema, "Paska haendi popote." Akakumbuka mteja.

Mimi nilipanda paani naimba. Nakiri. Niliimba wimbo wa harusi. Mizigo sikuifunga, nilipanga nguo za mwanangu moja moja. Nilimwona mama yule alivyoficha mikono na roho yangu ilikunywa maji ya baridi.

Saa kumi na nusu Eusebia akarudi kutoka shule.

"Mama, bibi yuko wapi? Leo hajanisubiri ngazini."

"Bibi gani tena? Wa nini?"

Akakumbatia begi.

Nikamnyang'anya, nikafungua. Chini ya madaftari kulikuwa na gazeti limekunjwa vizuri. Ndani yake vibua watatu, wabichi.

Wewe msomaji hebu vuta pumzi na wewe.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu Mnoko alivyokuwa analia. Nilimkuta bibi kakaa ngazini, na yeye analia. Akaniuliza samaki wa paka wanauzwa wapi."

"Na wewe ukamletea."

"Alisema paka atakufa, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema wewe ukijua utaingia dhambini, halafu yeye itambidi akufukuze."

"Na siku ile nilipokuzaba?"

Akaangalia kandambili zake. "Nilimwambia bibi. Akanishika shavu, akasema ataacha. Halafu kesho yake Mnoko akalia tena."

Nikaketi kitandani.

Sasa nielewe vizuri. Asubuhi ile, mbele ya wanawake wanane, mimi nimesimama nimenyoosha mkono kama hakimu, yule mama alikuwa na neno moja la kujiokoa. *Muulize mwanao.* Basi. Eusebia angeitwa shuleni, begi lingefunguliwa, daftari lingenuswa. Nani angemwamini mtoto wa dada wa kazi dhidi ya Mama Indumati? Angesema mtoto ndiye mwizi wa kisufuria, mtoto ndiye mpishi, na jengo zima lingeitikia. Sisi wawili tungelala kituoni kweli.

Lile ndilo neno alilolimeza.

Nilishuka. Nilimkuta chumba cha sala, peke yake, anaosha bembea kwa maziwa na maji. Maua yote kayatoa.

"Mama, kwa nini hukumtaja Eusebia?"

Hakugeuka. "Ana mtihani."

"Asubuhi ulipotufukuza wote wawili mtihani hukuukumbuka."

Kitambaa kikasimama.

"Asubuhi niliwaogopa wale wanawake," akasema. "Nimeishi nao miaka arobaini. Nikajiambia wewe bado kijana, utapata kazi kwingine. Ulipokuja na kisufuria hapakuwa na cha kuogopa tena. Nimtaje mtoto wa nini? Aliyechafuka mmoja anatosha."

Nilitaka kusema asante. Ilikataa kutoka, na siyo kwamba sikujua neno lenyewe.

"Usidhani nimekusamehe kwa vile ulivyonifanya mbele ya watu," akasema.

"Wala mimi sijakusamehe, mama."

"Haya," akasema, akaendelea kuosha.

Mwisho wa paka ni huu. Abdulswamad alikuja kumchukua Malai, Tanvi akamjibu mlangoni kwamba paka haendi popote bila yeye. Wakahamia Upanga, yeye na Kishor na Malai, na nasikia Malai sasa anakula kuku wa kuchemsha na amenenepa. Nyumba moja, paka mmoja, alisema Kishor. Basi zikawa nyumba mbili.

Mnoko alibaki kwa Mama Indumati. Wale kinamama wanane hawakurudi.

Eusebia alifanya mtihani wake akitokea kachumba kale kale. Nilikuwa nimeshapata kazi kwa familia nyingine Ilala, siku ya mwisho ya mtihani nikafunga mizigo. Safari hii kwa hiari yangu.

Asubuhi ya kuondoka niliingia jikoni kuaga. Kwa mazoea tu nikanawa na ndimu. Kwa mazoea nikanyoosha mikono.

Mama Indumati akaitazama. Hakuinusa.

Akanyoosha ya kwake.

Vidole vyembamba, bangili mbili za dhahabu. Nikainama nikanusa, pua ikagusa ngozi. Samaki na mvuje.

"Haya," nikasema.

Nikabeba begi langu, nikashuka. Mnoko alinipayukia mpaka mlango wa chini.

Mtu akiniuliza leo achukue paka wa Kiajemi au wa Kisiami, namwambia manyoya mwachie Mungu. Angalia kwanza jikoni kwako kunapikwa nini, maana paka hajui dini yako, anajua njaa yake. Na wewe unayependa kunusa mikono ya wenzio, anza na ya kwako.

Hilo la mwisho najiambia na mimi. Lile daftari la hisabati nimelitunza, nikilifungua linanuka bado. Eusebia nilimwomba msamaha kwa kile kibao. Aliniambia yameisha, halafu akaomba jioni ile tule vibua.